Juisi Iliyozidi Karoti

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, nilipoingia kwenye duka la vyombo vya umeme kununua mashine ya kukamua juisi. Nakumbuka saa kwa sababu niliiandika. Mimi huandika kila kitu.

Mama alikuwa na siku kumi na moja bila kula wala kusema. Muuguzi anayekuja nyumbani aliniambia asubuhi ile, "Mpe juisi ya karoti, ya tunda lolote, chochote kitakachopita kooni. Kisipopita, jiandae." Hakusema nijiandae kwa lipi.

Daftari langu lilikuwa na safu tatu. Mashine ya kasi: ina kelele, na makapi hutoka yakiwa bado na maji. Ya umeme inayokandamiza polepole: inakamua vizuri, lakini inanguruma. Ya mkono: kimya kabisa, ila inachosha. Mama alikuwa akishtuka hata mlango ukifungwa, kwa hiyo neno "kelele" nilikuwa nimelipigia mstari mara mbili.

Muuzaji aliniwashia ya kasi, akaniwashia ile ya polepole, akarudia ya kasi. Kila mara nilichukua makapi nikayafinya kwa vidole. Kila mara yalitoa maji.

"Dada," alisema huku akitazama saa ya ukutani, "unachagua mashine au mchumba?"

"Mchumba ningekuwa nimeshamaliza."

Alicheka. Mimi sikucheka. Tangu Mama anyamaze nilikuwa natoa utani kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Ndipo mlango ukafunguka.

Aliingia mama mmoja wa makamo, amekumbatia sanduku kwa viwiko. Viganja vyake vilikuwa vimezama ndani ya sweta, havikuonekana. Aliingia na harufu ya karoti mbichi... na chini yake harufu nyingine, kama nguo iliyosahaulika chini ya pasi.

"Nimekuja kuirudisha."

Muuzaji alichungulia sandukuni. "Shikamoo, mama. Hii si ya kwetu. Hatujawahi kuiuza."

"Marahaba. Basi nimpe huyu."

Ilikuwa ya mkono. Chuma cheusi, na mpini wa mbao uliolainika kwa kushikwa.

"Ina tatizo gani?" niliuliza.

"Haina. Mama yangu alikuwa wa kufa leo au kesho. Sasa anapanda ngazi."

"Na makapi? Yanabaki na maji?"

Aliinama sikioni kwangu. "Haibakishi kitu, mwanangu."

"Mbona unaiacha, basi?"

"Siwezi tena kuizungusha."

Mimi ninayeuliza kila kitu, sikuuliza kwa nini. Nilifunga daftari. Nilibeba sanduku.

Saa mbili kasoro dakika kumi nilikuwa jikoni. Niliifunga mashine kwenye ukingo wa meza, nikapima karoti: gramu mia sita. Nikashika mpini kwa mkono wa kulia.

Kri... kri... kri...

Makapi yalianguka kama vumbi la mbao. Niliyafinya. Hayakutoa hata tone. Nilifurahi, au nilijua kwamba hapo ndipo mtu hufurahi.

Kisha nikapima juisi. Gramu mia saba na kumi.

Nilidhani mzani umeharibika. Niliweka juu yake pakiti ya chumvi ya kilo moja, mpya. Ukasoma kilo moja kamili.

Nikampelekea Mama ile juisi. Kijiko cha kwanza kilipita. Cha pili. Kisha alinishika mkono, akaivuta glasi na kunywa mwenyewe hadi mwisho.

"Kijiko," alisema.

Hilo ndilo jina alilonipa nikiwa mdogo, kwa kuwa nilikuwa nikiwapimia watu wote sukari ya chai. Sikuwa nimelisikia kwa siku kumi na moja.

"Kijiko. Ongeza."

Nikaongeza. Karoti gramu mia sita, juisi mia saba na themanini. Nilipouachia mpini, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia havikukunjuka. Nilichukua pini nikakichoma kidole kidogo.

Hakuna.

Niliisukuma ndani zaidi. Hakuna maumivu, hakuna damu. Ngozi ilipasuka kidogo, na kilichodondoka mezani kilikuwa kikavu... kama vumbi la mbao.

Kilinuka kama nguo chini ya pasi.

Nilifuta meza. Nilimpelekea glasi. Alikunywa taratibu, macho yake juu yangu, mashavu yakirudiwa na rangi.

"Umekonda, mwanangu," alinong'ona. "Unakula kweli?"

"Nakula, Mama."

"Usinidanganye."

"Nakula."

Asubuhi, saa moja kamili, nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda anachana nywele. Aliniuliza kama ile juisi bado ipo. Nilikwenda jikoni. Kiganja chote cha kulia kilikuwa kimejikunja na kuwa chepesi, kwa hiyo nilikivuta ndani ya sweta kisinisumbue.

Nilifungua daftari nikaandika tarehe, vibaya, kwa mkono wa kushoto. Nilimenya karoti gramu mia sita. Kisha niliifungua mashine ile pale ilipokuwa, nikaihamishia upande wa pili wa meza, mpini uelekee kushoto.