Povu Ndani ya Kichupa cha Apolline

Chaka, chaka, chaka.

Mpaka leo, mvi zimemjaa kichwani, mlio huo humrudisha Faradji kwenye maabara ya Kasongo, huko Kongo, mwaka 1957, alikokuwa msaidizi mpya: harufu ya spiriti, sakafu iliyooshwa asubuhi, na Apolline, mtayarishaji wa dawa, amesimama mlangoni.

— Faradji, unatikisa nini?

— Dawa yako, Apolline. Nilitaka kukusaidia.

Kichupa kilikuwa kimejaa povu jeupe.

— Nani alikuambia utikise?

— Kule dispensari nilikofanya kazi miaka mitatu, tulitikisa kila chupa.

— Ile ilikuwa dawa ya kikohozi. Huu ni unga wa peptidi, kitu laini kama protini, uligandishwa ukakaushwa. Maji unayaacha yateremke polepole ubavuni mwa kichupa, halafu unakizungusha viganjani, hivi, mpaka unga uyeyuke wenyewe. Ukitikisa, unauharibu.

Alizungusha viganja vitupu, taratibu. Faradji, aliyejisifu mtaani kwamba hakuna mutu wa kumshinda kwa mashairi, alipata maneno mawili tu.

— Tuchukue ingine.

— Ilikuwa moja tu. Imetoka Ulaya kwa ndege. Na daftarini sahihi ni yangu. Dokta atanifukuza, na baba amesema nikikosa kazi ananipeleka kijijini Wamaza, niolewe na Roger.

— Yule wa baiskeli yenye taa?

— Taa yake inawaka. Yako iko wapi?

Maneno hayo yalimchoma.

— Povu litatulia, Apolline. Dokta hataona.

— Majaribio yake yote yatatoka uongo. Mimi siwezi.

Dokta Mbelgiji aliingia, akainua kichupa kwenye mwanga wa dirisha.

— Nani alitayarisha hii?

Apolline akafungua mdomo. Faradji akamtangulia.

— Mimi, dokta. Niliingia bila ruhusa. Yeye hakuwepo.

— Vua koti. Usirudi.

Koti lile jeupe alikuwa akilivaa hata sokoni, watu wamwone. Alilikunja vizuri, akaliweka mezani.

Apolline alimfuata mpaka barabarani.

— Ungenyamaza tu, mwenye kiburi wewe.

— Ningenyamaza, wangekupeleka Wamaza.

— Na wewe sasa?

— Nitaenda Nyangwe, kwa mjomba. Nitauza chumvi, nitalima, nitafanya lolote.

— Baba hatakubali unioe. Atasema sisi ni Wakristo, wewe ni Muislamu.

— Atasema kweli.

Apolline alicheka huku akifuta macho. Faradji akamshika mkono palepale, wapita njia wakitazama.

— Mvua za kwanza zikinyesha, nitakuja kwa baba yako mchana kweupe, nikupose. Akinifukuza, nitarudi kesho yake, na kesho kutwa. Nakuahidi, Apolline.