Masanduku Sita ya Fainali

Hatua zilisimama nje ya mlango.

Laurette Ciza aliacha kupumua. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya kabati la seva, magoti yamegusa kidevu, simu ameibana kwapani mwanga usivuje. Kitasa kilishuka. Kikapanda. Kikashuka tena.

Mtu wa nje alikohoa, akangoja, kisha hatua zikaondoka polepole kuelekea ukumbini. Laurette alishusha pumzi. Mdomoni alionja chumvi. Alikuwa amejiuma ulimi bila kujua.

Hakuwa jasusi wa kwanza kutumwa kwenye jengo lile la katikati ya Durban. Wa kwanza alikuwa Aloys, mtu mkakamavu, miaka kumi na miwili kazini. Wiki tatu zilizopita aliokotwa nyuma ya ukuta wa kiwanda huko Jacobs. Vidole vyake vyote kumi vilikuwa vimevunjwa, kimoja baada ya kingine. Laurette akapewa kiti chake.

Kwa watu wa jengo alikuwa mpimaji wa gemu, dada wa Kirundi anayecheza kutwa akitafuta kasoro. Kampuni ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya saluni na maduka ya simu, na gemu yake iliitwa Ngome Tisa. Timu mbili, ngome yenye milango tisa, na masanduku sita ya silaha yanayodondoka kutoka angani, moja kila dakika.

Mbunifu wake alikuwa Glody, Mkongomani mpole mwenye macho mekundu ya kazi. Aliitengeneza mara mbili: toleo la mashindano, na toleo la watu wa kawaida, wanaocheza kwenye taxi wakirudi nyumbani. Siku ya kwanza alimkalisha Laurette akamweleza tofauti, taratibu kama mwalimu wa katekisimu.

"Mtu wa mashindano anataka haki," alisema. "Ukimpa bahati anakuchukia, juu amejifunza mwaka mzima. Mtu wa kawaida iko tofauti. Yeye anataka raha. Bahati imbebe kidogo, bunduki imsaidie kulenga, la sivyo anafuta gemu siku ileile. Ukichanganya hao wawili, unawapoteza wote."

Ndiyo maana katika toleo la kawaida masanduku yalidondoka mlango wowote, kwa bahati tupu. Katika toleo la mashindano yalifuata orodha iliyopangwa.

Na orodha ya fainali ya leo aliileta Peguy.

Peguy ndiye aliyeikamata kampuni kwa fedha zake. Suti nyepesi, manukato, bastola aina ya Glock chini ya koti. Kitengo cha Laurette kilijua kwamba kontena la vilipuzi lilikuwa limefichwa kwenye yadi moja ya Jacobs, kati ya makontena elfu mbili, na kwamba lingepelekwa kuua watu kwenye nchi za maziwa makuu, alikozaliwa Laurette. Kilijua pia kwamba lori la wanunuzi lilikuwa linangoja palepale yadini. Hakikujua namba ya kontena, wala jinsi Peguy angeitoa, maana mtu yule hakuamini simu. Aloys alikaribia kujua.

Leo asubuhi Peguy alifunga orodha kwa nywila, akapiga marufuku mtu yeyote kuingia chumba cha seva. Hapo Laurette alielewa. Masanduku sita. Tarakimu sita. Fainali ingeonyeshwa moja kwa moja mtandaoni, na dereva wa lori angetazama kama shabiki mwingine yeyote.

Alitoka nyuma ya kabati, akaketi mbele ya kioo cha kompyuta, akaiendesha fainali peke yake, bila sauti.

Mlango wa nne. Wa kwanza. Wa saba. Wa saba tena. Wa pili. Wa tisa.

Akarudia. Vilevile.

Alipiga simu saluni ya chini, kwa Mama Joséphine, mkuu wake, mwanamke aliyesuka nywele za nusu ya mtaa huku akisikiliza kila kitu.

"Niko na namba," alinong'ona. "Nne, moja, saba, saba, mbili, tisa."

"Sharp. Lakini vijana wetu wako mbali. Watafika Jacobs saa nane na nusu."

Fainali ilianza saa nane kamili. Kufikia saa nane na dakika saba wanunuzi wangekuwa na namba, na dakika kumi baadaye wangekuwa barabarani.

"Niizime seva?"

"Ukiizima, Peguy atawafikia kwa njia nyingine na tutampoteza. Wape namba, mwanangu. Ila isiwe hiyo."

Simu ikakatika.

Orodha ilikuwa na nywila. Hakuweza kuigusa. Jambo moja tu lilikuwa ndani ya uwezo wa mpimaji: kuchagua toleo gani lipakiwe kwenye kompyuta za ukumbini. Kama angepakia la kawaida, masanduku yangedondoka kwa bahati, na namba ingekuwa ya uongo. Lakini toleo la kawaida lilikuja na huruma zake zote. Bunduki ingewasaidia wachezaji kulenga. Watu waliofanya mazoezi mwaka mzima wangehisi kabla hawajamaliza kupepesa jicho.

Alifikiria vidole vya Aloys.

Akapakia.

Saa nane kamili alikuwa amesimama ukumbini, mgongo ukutani karibu na chumba cha seva. Watu mia tatu walipiga vigelegele. Peguy alikaa safu ya mbele, mguu juu ya mguu. Mechi ikaanza.

Sekunde kumi. Ishirini.

Josias, bingwa kutoka Cato Manor, aliinua mkono. Kioo kikagandishwa. Ukumbi ukanyamaza.

"Bunduki yangu inalenga yenyewe," alisema. "Hii si gemu yetu."

Glody alimwendea, akashika mausi, akaisogeza mara moja tu. Laurette aliuona uso wake ukibadilika. Alikuwa ameitambua kazi ya mikono yake mwenyewe, ule msaada alioutunga kwa ajili ya wanyonge. Akainua macho, akautafuta ukumbi mzima, akamkuta Laurette.

Jasho lilimtiririka mgongoni. Alichoweza ni kumtazama tu, kama mtu anayezama anavyomtazama aliye ufukweni.

Glody alijua nani alikalia kiti cha Laurette kabla yake. Alijua hakurudi. Akachukua kipaza sauti.

"Mashine iko sawa. Endeleeni."

Josias alimtazama kana kwamba amemtemea mate. Mechi ikaendelea.

Sanduku la kwanza likadondoka. Mlango wa nane.

Peguy aliteremsha mguu.

La pili. Mlango wa tatu. Peguy akasimama, akafungua kitufe cha koti. Laurette alijitupa ndani ya chumba cha seva, akakomea mlango na kusukuma kabati la chuma nyuma yake. Kadi ya kufungulia mlango ililia nje. Kisha bega la mtu likagonga. Mara moja. Mara mbili.

"Laurette," sauti ya Peguy ilikuwa ya upole. "Aloys naye alifunga mlango."

La tatu. La nne.

Risasi ya kwanza, iliyozibwa mlio, ilitoboa mbao ikapita juu ya sikio lake. Alilala chini, mgongo kwenye kabati, nyayo zimekaza ukutani, viganja sakafuni, macho kwenye kioo. Aligundua analia. Hakuwa na mkono wa kujifuta. Kitasa kiling'oka.

La tano. Mlango wa tano.

Kabati lilianza kuteleza. Kwanza vidole vya Peguy viliingia kwenye ufa, kisha kiwiko, kisha bega.

La sita likadondoka.

Peguy akaingia. Chuma cha bastola kilikuwa cha moto kwenye paji la uso wa Laurette. Kwa robo saa, kwa Kifaransa, taratibu, alimwuliza tena na tena ni nani aliyemtuma. Laurette alihesabu dakika.

Ndipo simu ya Peguy ikalia.

Alitaka kuipuuza, lakini jina alilolisoma lilimzuia. Akaipokea. Laurette alisikia kila neno. Mwanaume mmoja alisema wameizunguka yadi yote na namba hiyo haipo. Alisema mtu anayewachezea huwa wanamtafuta nyumbani kwake. Halafu nyuma yake vikasikika ving'ora, na amri za polisi, na mwanaume yule akamtukana Peguy kwa jina la mama yake.

Uso wa Peguy ulipauka. Kwa mara ya kwanza, chumbani mle mlikuwa na watu wawili wanaoogopa.

Nusu sekunde ilitosha. Pawabenki ya Samsung iliyokuwa kiunoni mwa Laurette haikuwa ya kuchajia simu. Aliibandika kwenye kifundo cha mkono wa Peguy, akabonyeza. Umeme ulipiga kelele kama mafuta ya kukaangia. Bastola ikaanguka, Peguy akaifuata.

Alimfunga mikono kwa waya wa mtandao, mafundo manne, akaongeza la tano.

Mama Joséphine alipiga saa nane na nusu kamili. Vijana walikuwa wamewahi kwa dakika kadhaa, kontena limefunguliwa, shehena yote imo, dereva na wenzake chini ya ulinzi. Alimwambia apotee kabla maswali hayajaanza.

Glody alikuwa mlangoni, mikono imening'inia. Hakuuliza habari za Peguy. Aliuliza atamwambia nini Josias.

"Ukweli," Laurette alisema. "Na warudie fainali. Safari hii gemu yao, Papa Glody. Bila bahati."

Alishuka ngazi ghorofa tatu, akapita kati ya wauza simu na wasuka nywele, akangoja robot, taa za barabarani, pamoja na umati. Ilipowaka kijani alivuka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka wala deni. Mikono ameitia mfukoni, vidole vyote kumi vizima.