Kutu Ndani ya Ala

Kila Alhamisi alasiri Mwanasha alisafisha kisu cha babu yake. Tangu kijiji chao cha ujamaa kianzishwe karibu na Kiswere, Mzee Tawakali ndiye aliyekuwa mchinjaji wa wote. Kisu chake cha chuma cha pua kilikuwa kikali ajabu, lakini kilishika kutu upesi. Kilitaka kusuguliwa kwa majivu na kumbi la nazi, kisuuzwe kwa maji ya kisima, kikaushwe, kipakwe mafuta ya nazi, ndipo kirudi kwenye ala.

Kisima kilikuwa mbali, bahari ilikuwa pale pale, na Mwanasha, tuseme kweli, alikuwa mvivu. Wiki ile ya Idi Kubwa alikisugua kwa mchanga, akakichovya baharini, akakitia kwenye ala ya ngozi kikiwa kimelowa. Kisha akakimbilia kucheza mdako.

Siku ya Idi, baada ya sala, babu alipokea kisu mkononi mwake. "Mjukuu wangu, kiko tayari?"

Mwanasha akakumbuka yale maji ya chumvi. "Tayari, babu."

Mzee hakukichomoa. Ng'ombe wa kijiji alikuwa amefungwa karibu, na mnyama haonyeshwi kisu kabla ya wakati wake.

Vijana walimwangusha ng'ombe. Yunusu, baba yake Mwanasha, akamkandamiza pembe. Mzee alisema bismillahi, akavuta kisu. Kiling'ang'ania ndani ya ala. Kilipotoka kwa nguvu na kupita shingoni, makali yaliyoliwa na kutu yalichana ngozi tu.

Ng'ombe alinguruma, kamba zikakatika. Pembe ilizama katika paja la Yunusu, ikamrusha juu. Alipoanguka, ikamchoma tena ubavuni. Damu ilimwagika mchangani, watoto wakapiga mayowe. Wanaume walimvamia mnyama kwa mapanga na mashoka, wakamkata miguu, mgongo, popote, mpaka akaanguka. Akafa kibudu, bila kuchinjwa, nyama yake ikawa haramu. Kijiji kizima hakikuonja hata mnofu.

"Mzee amechoka huyu!" alifoka jirani yao Likwata. "Amemuua mwanawe!" Akamsukuma Mzee Tawakali kifuani, naye akaanguka katika damu ya mwanawe.

Mwanasha hakuvumilia. "Si babu!" alilia. "Ni mimi! Nilikiosha baharini, nikasema kiko tayari!"

Mama yake, aliyekuwa akibana jeraha kwa kanga, aliinua macho, akamtazama. Jicho lile lilimuuma Mwanasha kuliko kofi.

Yunusu alipelekwa hospitali Lindi kwa lori. Alipona, ila alirudi akichechemea. Likwata alimwomba mzee radhi. Mwanasha alisugua kisu kile kwa majivu mpaka vidole vikachubuka.

Idi Kubwa ikazunguka tena. Yunusu alisimama kando, ameegemea fimbo.

"Mjukuu wangu, kiko tayari?" babu aliuliza.

Mwanasha alikigeuza kisu juani, mbali na macho ya ng'ombe. "Bado, babu. Kuna doa la kutu karibu na mpini."

Watu walinung'unika, maana jua lilikuwa limepanda. Babu akawanyamazisha kwa mkono.

"Tutangoja," alisema. "Mwaka jana ungesema 'bado', ningeazima kisu kingine, na baba yako asingeshika fimbo leo. Kazi iliyoharibika hutengenezwa, mjukuu wangu. Lakini ukiificha, atakayeumia ni mwenzako."

"Nimesikia, babu."

Mwanasha akachukua ndoo, akashika njia ya kisimani.