Nguzo Iliyotoka Uani kwa Eldrid

Nilikuwepo, asikudanganye mtu. Nilikuwa juu ya paa la kanisa la bonde letu nikipaka lami, mguu mmoja nimeukanyagisha kwenye shingo ya joka la mbao la mapambo, na kwa macho haya niliyaona yote, hata yaliyotokea ndani.

Jambo lilianza na harufu. Eldrid aliingia kwenye misa ya kwanza ya kanisa hilo jipya, akanusa kwenye nguzo moja pombe ya shayiri, ile ile aliyoipika mwenyewe na kuimwaga kila Krismasi shinani mwa msonobari wa uani, kwa ajili ya jini aliyelinda boma lao tangu enzi za bibi yake. Msonobari wenyewe ulishakufa. Kiangazi kimoja alishuka na ng'ombe kutoka malisho ya mlimani akaukuta umekatwa kilele, umebanduliwa magome, unatoka utomvu kama jasho. Ndivyo tunavyoandaa nguzo za kanisa: mti hufa umesimama, mwaka baada ya mwaka, mpaka utomvu uukaze, ndipo huangushwa.

"Nimemwomba ruhusa mwenyewe," Torgils mumewe alimwambia siku ile. "Karidhika. Kahamia kwenye mwamba."

Akaamini. Utamshukuje mtu mnayelala naye ngozi moja?

Sasa, katika misa ile, alinong'ona, "Torgils, nguzo yetu inavuja."

"Mbao mpya hiyo, mke wangu. Ungesimama wewe miaka yote hiyo, usingevuja?"

Wanaume wa nyuma wakachekea ndevuni.

Kesho yake mtoto wao Sevald akaanza kukohoa, na alichokitema kilinata vidoleni, kikanukia msonobari. Eldrid akapeleka uji wa siagi mwambani. Haukuguswa hata na kunguru. Mtoto alikuwa anavuta pumzi kama msumeno ndani ya mti mbichi. Akambeba mgongoni, akakimbilia kanisani, Torgils nyuma yake akimwita arudi.

Padri Amund akainyunyizia nguzo maji ya baraka. Maji yakachemka.

"Mama, usiiguse," padri akasema kwa sauti ya chini.

Eldrid akabandika sikio. Akasikia shoka, mbali kwanza, kisha karibu, kisha karibu zaidi, kana kwamba linakata ndani ya fuvu lake, na chini ya shoka pumzi ya mtu anayefanya kazi kwa haraka kabla ng'ombe hawajashuka mlimani, na baada ya pumzi ikaja sauti aliyoizoea kuliko yake mwenyewe, ikisema wazi, padri akisikia: "Nakukata kwa jina la Eldrid. Kisasi kikija, kimfuate yeye na uzao wake."

Padri akamgeukia Torgils, aliyekuwa ameshafika.

"Seremala wa kanisa alisema lazima litajwe jina," Torgils akanong'ona.

"Lako halikuwepo?"

"Ningekufa, nani angelima?"

Eldrid akamsogelea. Alimshika mkono, taratibu, kama bibi harusi, akaukandamiza kwenye utomvu.

"Mlinzi wa boma," akasema, "aliyekukata ni Torgils. Mkono wake ni huu."

Nguzo zote zikalia kwa pamoja, kuta zikavuta pumzi, na huku juu joka likageuza kichwa kutazama chini, nusura linirushe na ndoo yangu. Sevald akatema donge jeusi, akaomba maziwa. Torgils akafungua kinywa kupiga kelele. Harufu ya msonobari ndiyo iliyotoka. Sauti haikutoka, wala haijatoka tena hadi leo.

Iko ndani ya nguzo. Kila Krismasi Eldrid huenda kumwaga pombe chini yake, na nguzo humwambia kwa upole, kwa sauti ya mumewe: "Nimemwomba ruhusa mwenyewe. Karidhika."

Haya, nikiri moja. Joka halikugeuza kichwa. Hilo nimelitia mimi, hadithi inoge. Nguzo ipo, nenda ukabandike sikio.