Mama Anakuja Pasaka

Kila siku akitoka shule, Kifungo alipitia sokoni, kwenye kibanda cha mama yake mdogo, fundi cherehani. Alivua viatu, akaketi kwenye stuli nyuma ya meza ya kukatia, akavuta bakuli la vifungo na kuanza kushona. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Wateja wageni waliposikia fundi akiita, "Kifungo, lete mkasi," waligeuka kama vile kuna mtu kahukumiwa. Fundi aliwaambia, "Msiogope, huyu ni kifungo cha nje."

Pasaka ilipokaribia, mizaha ilipungua. Kila mzazi mjini alimtakia mwanawe nguo mpya, na kila mmoja alitaka yake itangulie. Cherehani haikunyamaza. Kifungo akiuliza jambo, mama mdogo alijibu "mm" tu, maana pini zilikuwa mdomoni. Jioni waliporudi chumbani kwao, mama mdogo alikula kidogo, akaegemea ukuta, na usingizi ukamchukua kijiko kingali mkononi. Kifungo aliosha vyombo peke yake. Alifanya hesabu za shule peke yake, huku akisikia watoto wa vyumba vya jirani wakiitwa mmoja mmoja waingie ndani.

Mama yake mzazi alikuwa mpishi wa hoteli katika mji mwingine, mbali sana. Jioni moja alipiga simu.

"Mwanangu, Pasaka hii msinitazamie. Hoteli imejaa. Sikukuu za wenzetu ndizo siku zetu za kazi."

"Sawa, mama."

"Hujakasirika?"

"Sijakasirika."

Kifungo alimrudishia mama mdogo simu yake, akarudi kwenye vifungo.

Siku iliyofuata ilikuwa siku ya mafundisho kanisani. Katekista, mwanamume mrefu aliyezoea kufundisha huku ameketi ukingoni mwa meza, aliwauliza watoto watakuwa na nani kwenye Misa ya Pasaka. Mmoja alitaja baba, mama na shangazi. Mwingine alisema binamu zake wanakuja na watajaza benchi zima. Mapengo, msichana aliyeketi karibu na Kifungo, alisema, "Mimi na bibi yangu. Tuko wawili tu, lakini bibi akiimba utadhani ni kwaya."

Darasa lote lilicheka, hata katekista. Mapengo na bibi yake ndio waliokuwa wamechaguliwa kupeleka mkate na divai altareni siku hiyo ya Pasaka.

Zamu ya Kifungo ilipofika, mdomo ulitangulia akili.

"Mama yangu anakuja," alisema.

Wenzake wakamgeukia. Kutoka kule kote? Lini? Anakuletea nini? Kifungo aliwajibu yote. Anakuja kwa basi, Jumamosi. Analeta gauni la rangi ya maziwa, lenye mkanda mpana kiunoni. Tangu aanze mafundisho, hakuna aliyewahi kumuuliza maswali mengi namna ile, na kila jibu lilimtia joto kidogo moyoni.

Baada ya kipindi, katekista alimwita kando.

"Mama yako hajawahi kusali nasi hata mara moja," alisema. "Nimefikiri wewe na yeye mpeleke mkate na divai. Mapengo na bibi yake wapo kila Jumapili, watapata siku nyingine. Anakuja kweli?"

Hapo angeweza kusema ukweli. Kifungo alitazama vidole vyake vilivyochomwachomwa na sindano.

"Anakuja," alisema.

Alhamisi Kuu alikwenda kanisani peke yake, akakaa nyuma ya nguzo. Ijumaa Kuu alikaa palepale. Watu walipopanga foleni kwenda kubusu msalaba, familia baada ya familia, aliwaacha wote wapite, akafuata wa mwisho. Mapengo alikuwa mbele yake, lakini hakugeuka.

Jumamosi soko lilifurika. Watu walibeba mifuko mikononi na mabegani, watoto walijaribishwa viatu katikati ya njia. Katikati ya msukumano ule akatokea bibi yake Mapengo, akashika nguzo ya kibanda apumue.

"Fundi, ile nguo yangu usijisumbue nayo," alisema. "Washonee wenye haraka."

"Kwani vipi, mama? Si ulisema ni ya kesho?"

"Nilikuwa niende altareni na mjukuu wangu. Sasa nafasi kapewa mtoto mwingine, mama yake anatoka mbali. Si vibaya. Nitakaa nyuma na gauni langu la zamani. Mungu analijua lile, hatahangaika kunitafuta."

Mama mdogo alicheka. "Na mjukuu hajambo?"

"Amejifunika shuka tangu asubuhi. Anasema kichwa kinamuuma." Bibi alitikisa kichwa. "Si kichwa."

Nyuma ya meza, sindano ilimchoma Kifungo, lakini hakuitazama. Alikuwa na uongo mwingine tayari, alioupanga tangu Alhamisi: kesho angesema mama kakosa basi. Wote wangemhurumia. Hakuna ambaye angejua. Ila yule msichana aliyejifunika shuka angebaki palepale alipo.

Alisimama.

"Shikamoo, bibi. Mtoto huyo ni mimi. Na mama haji. Alishasema haji. Nilidanganya."

Cherehani ilinyamaza. Mama mdogo alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Kila mtu alikuwa na mtu wa kumtaja."

Bibi alimtazama Kifungo bila kutabasamu.

"Mjukuu wangu amelia," alisema. "Mimi sitamwambia katekista. Utamwambia mwenyewe. Na Mapengo pia."

"Nenda sasa hivi," mama mdogo alisema kwa sauti ya chini, huku wateja wakizidi kusogea. "Mimi siwezi kuondoka."

Kifungo alipita kwenye umati peke yake. Mbele yake mtoto mdogo alikuwa akirukaruka, mkono mmoja kwa baba, mwingine kwa mama, na njia ilikuwa nyembamba, hakuweza kuwapita. Alitembea nyuma yao hadi kona ya kanisa.

Katekista alikuwa akisugua vinara vya mishumaa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kitambaa kikiwa kimetulia mkononi.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema. "Na mimi nilikosea. Nilimwondolea bibi mzee nafasi yake kabla hata ya kumpigia mama yako simu. Nitakwenda kumwomba radhi. Wewe tangulia."

Mapengo alitoka mlangoni kwao akiwa na shuka mabegani. Alisikiliza.

"Hata rangi ya gauni ulitaja," alisema.

"Nilitunga."

"Na mkanda?"

"Na mkanda."

"Bado nimekukasirikia," Mapengo alisema, lakini hakufunga mlango mpaka Kifungo alipofika mwisho wa uchochoro.

Kibandani, nguo ya bibi ilikuwa tayari iko kwenye cherehani, mbele ya nguo zote. Kifungo aliketi na kupachika vifungo vyake. Walishona mpaka soko likafungwa.

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilijaa pomoni. Mapengo na bibi yake walipita katikati, mkate na divai mikononi, na bibi aliimba njia nzima. Kifungo aliwatazama kutoka mwisho wa benchi. Hakuwa akimtarajia mtu, kwa hiyo alishtuka mtu alipomgusa bega asogee. Alikuwa mama mdogo, macho mekundu kwa uchovu, nyuzi zimemganda kwenye mkono wa blauzi. Aliketi, na kabla matoleo hayajaisha alikuwa amesinzia begani kwa Kifungo. Kifungo hakujitikisa.

Baada ya misa, watu wakipigana picha uwanjani, mama mdogo aliketi kwenye ngazi na kumvuta Kifungo kando yake.

"Nilikuona kila siku nyuma ya meza yangu," alisema. "Nikadhani mtoto aliye karibu hawezi kuwa mpweke. Hilo ni kosa langu. Lakini na lako lisikie. Ule uongo haukukuletea mama. Ulimwondoa mwenzako mahali pake, na wewe ukabaki peke yako vilevile. Ukiwa mpweke, sema. Mtu akisikia ukweli, anaweza kuja akaketi na wewe. Akisikia uongo, atakuacha, akijua una mtu."

Kifungo aliwaza kidogo.

"Namkumbuka mama," alisema.

"Na mimi namkumbuka," mama mdogo alisema. "Ni dada yangu."

Kifungo hakuwahi kufikiria kwamba kuna mwingine anayemkumbuka. Waliketi pale ngazini mpaka watu wakaisha uwanjani.