Alinisamehe Wizi Ambao Sikuufanya, Nikamkatalia Mbele ya Wateja

TIIIIT! TIIIIT! TIIIIT!

Geti la alamu lililia nikiwa mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje.

Duka zima likageuka. Wateja kama arobaini hivi, wiki mbili kabla ya Idi ya kuchinja, wote macho kwangu.

"Rudaina?" Abu Suhail, mwenye duka, akaja mbio. "Binti yangu, hebu fungua mkoba."

Nikafungua bila wasiwasi. Nina nini mimi? Funguo, kitana, na bakuli nililobebea maqluba, wali wangu wa mchana.

Akaingiza mkono... akatoa shali.

Shali la hariri, jipya kabisa, na kidude chake cha kuzuia wizi bado kimebanwa kwenye pindo!

Jamani, niliganda.

Lakini siyo kwa sababu ya shali. Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penyewe. Niliganda kwa sababu geti limelia...

Geti lile lilikufa miaka sita iliyopita!

Ngoja niwaeleze haraka haraka.

Duka la Abu Suhail la nguo za kike liko hapa Irbid, barabara ya chuo kikuu. Mimi nilikuwa keshia wake kwa miaka minane. Kila nguo ina kidude cha plastiki. Ukilipa, keshia anakitoa kwa sumaku. Usipolipa, ukipita nacho kati ya zile nguzo mbili za mlangoni, zinakisikia na kupiga kelele.

Mwaka wangu wa pili pale, umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, geti likaungua. Fundi wa kampuni akataja bei ya kutengeneza, Abu Suhail akashika kichwa.

Kesho yake akamleta shemeji yake, fundi umeme wa majumbani. Akafunga kengele na taa nyekundu kwenye nguzo zile zile, akapitisha waya chini ya zulia mpaka kaunta. Mwisho wa waya akaweka kitufe cha kukanyaga kwa mguu.

"Rudaina," mzee akaniambia siku hiyo, "hii siri ni yangu na yako. Wezi wakijua, tumekwisha."

Nikaapa. Na kuanzia hapo, geti lilikuwa mimi!

Nikimwona mtu anachomeka blauzi ndani ya koti, namwacha afike mlangoni, halafu nakanyaga. TIIIT! Anairudisha mwenyewe huku anatetemeka. Watu wanasema, "Mashine za Abu Suhail ni kiboko, hazikosei!"

Mashine gani? Ulikuwa mguu wangu wa kulia.

Sasa niambieni... mimi nipo mlangoni. Mguu wangu ninao. Kakanyaga nani?

Nikageuza shingo kuangalia kaunta.

Alikuwa amekaa Nisrin.

Nisrin niliyemtafutia kazi mimi mwenyewe! Nisrin niliyekula naye maqluba kwenye bakuli moja, nikamwachia mkoba wangu anitunzie nilipokwenda kutawadha. Alikuwa ameinamia risiti, hainui uso hata kwa dawa.

Kikulacho ki nguoni mwako, wallahi.

Lakini Nisrin siri ya kitufe hakuijua. Mimi sikumwambia. Basi wa kumwambia alibaki mmoja tu.

"Mzee," nikasema, "hili shali sikulichukua mimi."

"Najua, najua..." Akapandisha sauti ili hata wa vyumba vya kujaribia nguo wasikie. "Shetani kampitia tu binti yangu! Jamani wateja wangu, naomba msimseme. Polisi siiti. Mimi nimemsamehe! Kesho arudi kazini kama kawaida, yameisha."

Heee!

"Mungu akulipe, Abu Suhail!" mama mmoja akasema. "Siku hizi nani ana moyo huo?"

"Angekuwa wangu angenitambua leo."

"Wewe binti, unangoja nini? Mbusu mzee wako kichwani umshukuru!"

Na mimi hapo, jamani, ndipo akili ikanifunguka.

*Kesho arudi kazini.*

Kesho ipi? Ile ilikuwa siku yangu ya mwisho! Nilikuwa nimempa taarifa mwezi mzima kabla. Nimepata kazi kwenye duka kubwa la jengo jipya, naanza Jumapili inayofuata. Na nani anamwajiri keshia mwizi? Hakuna. Ningebaki kwa Abu Suhail mpaka ninazeeka, na kila nikidai haki yangu ananikumbusha nilivyosamehewa.

Tena Irbid hii watu wanajuana. Baba yangu alikuwa karani wa posta miaka thelathini, hajapoteza barua ya mtu. Leo apite sokoni watu wamnyooshee kidole? "Baba wa yule mwizi."

Damu ikanichemka.

"Sitaki," nikasema.

"Hutaki nini?"

"Sitaki msamaha wako!"

Wateja wakaacha nguo, wakasogea karibu.

"Rudaina, usijiaibishe..." Akasogea, akaninong'oneza sikioni. "Mwanangu, nimeshalimaliza. Nyamaza twende. Na ukumbuke uliapa."

"Niliapa kulinda duka lako. Sikuapa kulinda uongo wako!"

"Shusha sauti!"

"Ng'o! Leo hatoki mtu hapa mpaka nimalize!"

Nikaenda kwenye reli ya magauni. Nikakumbatia magauni tisa, kumi, sijui, yote yana vidude vyake. Nikalitupia na lile shali juu. Nikatembea mpaka mlangoni, nikapita katikati ya nguzo, nikatoka nje mpaka barabarani.

Kimya.

Nikarudi ndani. Kimya.

Nikatoka tena, safari hii kwa maringo kama bibi harusi. Kimya!

"Mbona hailii?" mama mmoja akauliza.

"Labda imechoka..."

"Lete na mimi nijaribu!" Mama mnene akanyakua koti la baridi, akapita nalo kwenda na kurudi. "Wallahi hailii! Na miaka yote hii mimi naogopa kupita hapa hata na nepi za mjukuu wangu!"

Watu wakacheka. Simu zikaanza kutoka, kila mtu anarekodi.

"Imeharibika sasa hivi tu!" Abu Suhail akapiga kelele. Jasho linamtiririka.

"Imeharibika miaka sita, mzee. Sasa subirini niwaonyeshe inavyolia."

Nikaenda kaunta. Nikafunua zulia.

Kitufe kile pale. Na kiatu cha Nisrin kando yake, hakijapata hata muda wa kuhama!

Nikakanyaga.

TIIIIT!

Hakuna mtu mlangoni. Hakuna shali. Taa nyekundu inawaka peke yake.

"Astaghfirullah..." mtu akasema.

Nikamgeukia Nisrin.

"Umenifanyia hivi kwa nini?"

Akaangua kilio.

"Dada, yeye ndiye kaniambia! Kasema niweke shali mkobani, ukifika mlangoni nikanyage! Kasema hutaumia, atakusamehe palepale... Kasema ukiondoka duka litafungwa, nami nitakosa kazi!"

"Na baba yangu je? Ulimfikiria baba yangu?"

Akajifunika uso kwa mikono.

Nikaweka funguo za duka mezani, nikachukua mkoba wangu, nikaondoka. Nilitembea nikilia, sitawaficha. Lakini nilitembea katikati ya barabara, sikupita vichochoroni.

Mnadhani yaliishia pale? Thubutu!

Siku mbili baadaye, alasiri, wanaume saba waligonga kwetu. Abu Suhail kaleta jaha!

Kwetu ukimkosea mtu kosa kubwa, unakusanya wazee wenye heshima wakakuombee msamaha nyumbani kwake. Mwenye nyumba anawamiminia kahawa. Mkuu wao anaweka kikombe chini, hanywi mpaka ombi likubaliwe. Wakiondoka bila kuinywa, ni fedheha ya mji mzima.

Mkuu wao alikuwa Hajji Dhaifallah, mtu ambaye akisema kitu Irbid hakuna wa kumbishia. Wakakaa safu moja ukutani, Abu Suhail katikati yao. Ukuta wa pili, baba yangu peke yake.

Mimi na mama tulikuwa jikoni, mlango tumeuacha wazi kidogo. Mama kanishika mkono wa gauni.

"Tulia, Rudaina. Ni wanaume wale."

Hajji akaweka kikombe chini.

"Abu Hatim," akamwambia baba, "tumekuja kwako kuomba. Geti bovu la mtu wetu limemtia binti yako aibuni. Ni bahati mbaya, ajali ya mashine. Tunakuomba muyasahau."

Ajali ya mashine!

Mama akanibana mkono kwa nguvu zote. Na mimi roho ikaniuma, kwa sababu nilimjua baba yangu. Baba mtu akimkanyaga mguu, yeye ndiye anasema samahani. Nilikuwa nasubiri tu aseme, "Kunyweni kahawa yenu."

Baba akakohoa.

"Hajji, nyumba hii ni yenu. Lakini aliyeitwa mwizi siyo mimi." Akageuka jikoni. "Rudaina! Njoo, mama."

Wanaume wakatazamana. Mwanamke kuitwa kwenye jaha? Wapi na wapi?

Nikaingia. Nikawaamkia wote, nikasimama nyuma ya baba yangu.

"Hajji, mmeambiwa ni ajali?"

"Ndivyo tulivyoambiwa."

"Basi muulizeni shali liliingiaje kwenye mkoba wangu. Na muulizeni geti lile linaliaje."

Hajji Dhaifallah video ya dukani hakuwa ameiona, mzee wa watu hana habari na simu. Akamgeukia aliyemleta.

"Abu Suhail?"

Abu Suhail akatazama zulia.

"Abu Suhail, nakuuliza wewe! Au ulimi umeuacha dukani?"

Abu Suhail akaanza kulia. Mtu mzima, mvi kichwa kizima.

"Alikuwa ananiacha, Hajji... Macho ya binti huyu ndiyo yanalinda duka langu. Nikaona nikimwokoa mbele za watu, ataona haya kuondoka. Sikutaka kumdhuru..."

"Kwa hiyo," Hajji akasema polepole, "ulimsukuma kisimani mwenyewe, halafu ukamtupia kamba?"

"Nisamehe, Hajji."

"Na mimi ukanitoa nyumbani kwangu, na mvi hizi, nije kukuombea kwa uongo."

Hajji akainuka. Nikajua wanaondoka, na kesho mji utasema kwa Abu Hatim wageni walitoka na kiu.

Hakwenda mlangoni.

Alivuka zulia, na kikombe chake mkononi, akaja kukaa upande wetu. Ubavuni mwa baba yangu!

Wa pili akainuka, akamfuata. Wa tatu. Wa nne... Wote! Ukuta ule akabaki Abu Suhail peke yake.

Baba yangu alijifuta machozi kwa kiganja, hakujificha.

"Sasa ujumbe uko upande huu," Hajji akasema. "Binti, sema unachotaka."

"Aseme ukweli. Dukani kwake, Alhamisi alasiri, watu wakiwa wamejaa."

Abu Suhail akaruka. "Mbele ya wateja?"

"Ulinisamehe mbele ya wateja."

"Rudaina, mwanangu... nitakupandisha cheo! Duka zima nitakukabidhi! Niachie tu uso wangu."

"Na wangu ulikuwa wa nani?"

Hakuna aliyemsaidia. Akainamisha kichwa.

"Nitasema."

Hapo ndipo Hajji akanywa kahawa yake.

Na Alhamisi alisema. Nilikwenda na baba yangu, kavaa koti lake la zamani la posta, limepigwa pasi mpaka linang'aa. Abu Suhail akasimama mbele ya kaunta, sauti inakwama kwama.

"Rudaina binti Abu Hatim hakuiba. Mimi nilimtengenezea wizi ili asiondoke. Geti langu ni la uongo, na mimi nilisema uongo."

Nisrin alikuwa pembeni, akaniomba radhi kwa kilio. Sikumtukana, ila mkoba wangu sitamwachia tena.

Baba akanigusa bega. Tukageuka tuondoke. Abu Suhail akatufuata mpaka nje.

"Rudaina... sasa umenisamehe?"

Nikamtazama usoni.

"Bado, mzee. Mimi ulinisamehe haraka kwa sababu kosa halikuwepo. La kwako ni kosa la kweli, niache nilifikirie."

Leo ni miezi minne, niko kwenye kazi yangu mpya, na bado nalifikiria.

Wapendwa, mnaosoma hapa na kuna mtu kazini, nyumbani au ukweni anawasamehe kila siku makosa msiyoyafanya... huyo hajawasamehe, kawahukumu. Ukipokea msamaha wa namna hiyo, umeshakiri. Kataeni palepale, hata mkibaki peke yenu, hata sauti ikitetemeka. Yangu ilitetemeka, na ilisikika vizuri tu.