Mahindi Yaliyoshindiliwa

Athanasi, mfanyakazi wa mashine ya kusaga, alitolewa kwenye hopa, lile pipa la juu la kumiminia mahindi, saa nne kasoro robo asubuhi, maiti iliyosimama wima. Mahindi yalikuwa yamembana kifuani hata ikabidi wayachimbue kwa mtaimbo. Mfukoni mwake mlikutwa punje tano nyekundu.

Inspekta Lidwina Haule alipofika kwenye mashine hiyo ya kusaga, pale Mjimwema, walikuwa wameshampata wa kumlaumu. Muhsini, mpakiaji kutoka Namasakata, alikaa chini na pingu mikononi na kamba mpya mapajani.

"Ni mimi, afande," alisema. "Mahindi yalikuwa na unyevu, yakagoma kushuka, na umeme umekatika. Athanasi akaingia kuyachokonoa, akaniambia nigonge hopa kwa mchi. Nikagonga, akazama hadi kiunoni. Nikakimbilia kamba. Narudi, simwoni."

Mama Kunegunda wa duka la jirani aliikumbuka kamba hiyo. "Nilikuwa namkatia, taa ikawaka. Saa tatu na dakika kumi."

Sixbert, mwenye mashine, alishusha pumzi. "Masikini, hakukusudia. Mlango wa chini ya hopa ulikuwa wazi, akagonga, yakaporomoka. Mimi nilikuwa ofisini."

Lidwina aliinama chini ya hopa. Hapakuwa na hata punje moja. Akaomba debe.

Alikulia sokoni, mama yake akipima mahindi, na alimjua kila mnunuzi mjanja anayetikisa debe ili aongezewe. Alilijaza, akalitikisa. Mahindi yakashuka vidole vinne. Akajaribu kuchomeka kidole, kikagoma.

"Debe lenye tundu ukilitikisa, mahindi yanatoka. Likizibwa, yanajishindilia hivi," alisema. "Mlango ulikuwa umefungwa, Sixbert, na hopa ilitikiswa muda mrefu. Hiyo si kazi ya mchi. Ni ya mota ya mashine, iliyowashwa umeme uliporudi, Muhsini akiwa dukani. Swichi iko wapi?"

"Ofisini," mtu mmoja alijibu kutoka nyuma.

Njia ya mwongo ni fupi. Lidwina alimwonyesha Sixbert zile punje nyekundu kiganjani. "Mbegu za kupanda, zimepakwa dawa yenye sumu. Ulikuwa unawasagia watu unga wa hizi?"

Sixbert alirudi hatua moja nyuma. "Nilimsihi anyamaze. Akasema anakwenda kwa bwana afya."

Pingu zikahama mikono. Muhsini hakuinuka.

"Kwa hiyo sikumuua mimi, afande?"

"Si wewe. Ulipokuwa ukikatiwa kamba, alikuwa hai, anakungoja."

Hapo ndipo Muhsini alipolia.